Kabati Dogo la Fauzia

Iddi alipooza upande mmoja katikati ya Ramadhani. Tangu hapo nyumba yao ya Nangurukuru imepoa. Iddi ndiye aliyekuwa akipiga muziki kwenye harusi zote, kuanzia pale hadi Mitole. Sasa yuko kitandani, na mkewe Fauzia ndiye amebaki na vyombo.

Vyombo vyenyewe ni viwili, amplifaya ya kukuza sauti na mikisa ya kuzichanganya. Vimefungwa kwa skrubu ndani ya kabati la chuma. Na kabati hilo zito, balaa! Bila wanaume wawili haliinuki. Basi Fauzia akampigia simu muuzaji wa Dar.

"Nataka dogo. Shibiri mbili kwenda juu, nibebe mwenyewe."

Upana hakuutaja, na muuzaji hakuuliza.

Jumatano kabati likashushwa kwenye basi. Amplifaya ikagoma kuingia. Harusi ya Mitole ni Jumamosi, na akiikosa hiyo, nani atamwita tena? Machozi yakamlengalenga. Akachukua msumeno wa chuma ayakate masikio ya amplifaya, pale zinapopita skrubu.

"We Fauzia, acha!" Alikuwa jirani yake Scholastica, fundi wa minara ya simu. "Ukikata masikio utaifunga na nini? Itaanguka njiani!"

"Sasa nifanyeje? Si kabati ni kabati?"

"Wapi! Lete futi." Scholastica akapima kutoka sikio hadi sikio. "Inchi kumi na tisa. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha vyombo hivi. Hili lako ni la inchi kumi, la vifaa vidogo vya intaneti. Ukitaka dogo, punguza kimo, upana usiuguse. Pima na kwenda nyuma, uache nafasi ya nyaya."

Wakampigia muuzaji, wakamtajia vipimo vyote. Akakubali kubadilisha. Ijumaa likaja kabati fupi, upana wake inchi kumi na tisa. Kila skrubu ikakaa kwenye tundu lake.

Jumamosi muziki ulipigwa Mitole hadi karibu na magharibi. Fauzia aliporudi, Iddi akauliza kwa ulimi mzito, "Nani amekubebea?"

"Nimebeba mwenyewe."

"Alhamdulillahi," akasema Iddi. Kisha akageukia ukutani, akalia. Miaka ishirini hakuna harusi iliyopigwa muziki bila yeye.

Fauzia alikaa naye, akaushika ule mkono uliokufa ganzi. Jumamosi ijayo kuna harusi Kilwa Masoko, na safari hii aliyeitwa ni Fauzia.