Kenge wa Majimbo

Soko la Embu lilikuwa limefurika watu, na Karwirwa, ndani ya gauni lake la maua ya zambarau, alikuwa amekwama nyuma ya kijana mmoja aliyenunua shingo na maini ya kuku kama mtu mwenye harusi. Alivaa ovaroli ya fundi wa umeme, safi mno kwa fundi.

"Kwani una mbwa wangapi wewe?" Karwirwa akamchokoza.

"Sina mbwa. Niko na Chifu. Yeye kazi yake ni kuota jua na kula."

Wakacheka, wakapeana namba. Kijana aliitwa Mutugi. Simu zikaanza, za asubuhi na za "umekula, Karwi?", hata moyo wa Karwirwa ukawa haupo tena mikononi mwake. Alipofika kwa Mutugi mtaani Majimbo ndipo akakutana na Chifu: kenge mwenye miguu mitatu, amelala chini ya balbu kwenye banda la waya. Mutugi alimwokota kwao Ishiara, kwenye nyanda kavu za joto, baada ya mbwa kumkata mguu, na watu wa wanyamapori wakampa kibali cha kumtunza. Embu si Ishiara, baridi yake ni kali, kwa hiyo balbu haikuzimwa kamwe. Kenge akishiba kisha akapigwa na baridi, Mutugi alimwonya, chakula humwozea tumboni.

Karwirwa alizoea kumlisha mayai, na alimpenda Mutugi zaidi kwa kumwona akimpangusa yule mnyama macho kwa pamba. Ila kwao Meru hakulitaja neno kenge hata siku moja. Mama yake alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kwake mjusi wa ukubwa ule ndani ya nyumba ni uchawi mtupu.

Mwezi wa saba, kwenye baridi yenyewe, mama na shangazi zake wakaja kuona mahali binti yao atakapoolewa. Mutugi alienda kuwapokea barabarani, akamwacha Karwirwa akipika. Chifu alikuwa ameshakula. Karwirwa aliposikia sauti ya mama yake langoni, alishikwa na woga, akamzoa Chifu, akamfungia kwenye bafu la nje, juu ya saruji tupu. Banda akalifunika shuka.

Wageni wakala mukimo wa viazi na mahindi, wakausifu, wakaomba maombi marefu, wakakaa hadi jioni. Mutugi alidhani Chifu yuko chini ya shuka. Walipoondoka akaifunua, na Karwirwa, akiwa ameinamisha kichwa, akamwonyesha mlango wa bafu. Chifu alikuwa baridi, mdomo wazi, hatikisi hata mkia.

"Ulijua amekula," Mutugi alisema.

"Nilijua. Lakini mami angemwona..."

"Ungeniambia tu unanionea aibu."

Alimfunga Chifu kwa sweta yake, akamweka kwenye karai, akaenda naye Ishiara jioni ileile. Simu za Karwirwa hazikushikwa. Alilia, akajitetea peke yake, akachoka kujitetea, kwa sababu Mutugi alikuwa amesema kweli.

Jumamosi akamfuata. Alimkuta Mutugi nyuma ya nyumba ya mamake Mutugi, kwenye mawe yenye joto, Chifu kando yake. Kenge alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa wazi.

"Alitapika yote. Jana amekula yai," Mutugi alisema bila kuinuka.

"Nisamehe. Nilikuonea aibu, na si ya kenge peke yake. Niliwaambia mami na shangazi kwenu ni Runyenjes, penye majani chai. Huku kwenye ukame wangenicheka."

Neno hilo lilimuuma Mutugi kuliko la kenge, na Karwirwa aliliona hilo usoni mwake. Akatoa simu, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Mami, niko Ishiara. Huku ndiko kwao Mutugi, nilikudanganya. Na anafuga kenge. Siku ile mlikuja, nilikuwa nimemfungia bafuni."

Mama yake akauliza kama kenge alikuwa kwenye nyumba ileile waliyoiombea. Karwirwa alipoitika, simu ikakatwa.

"Watanikataa, Karwi," Mutugi alisema.

"Najua. Twende tu kwetu Meru. Wakikukataa wewe, wamenikataa na mimi."