Mpangaji Kazi Yake Kupanga

Hakuna anayejua kupamba nyumba kunishinda mimi. Muulizeni mtu yeyote. Ila msimuulize mwanangu. Nilimshonea mto wa kulalia, wageni wakaukalia wakidhani ni kigoda.

Basi niseme kweli. Haya ya kupamba niliyaona yakifanywa na waliojua. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema sema.

Mwanangu ni mwokaji mikate. Hutoka alfajiri, hurudi mchana na nyusi nyeupe kwa unga, kama yeye ndiye baba yangu. Mkewe alikuwa na mimba, ya kwanza. Daktari alimwambia apumzike, asibebe kitu, asitembee sana. Kwa hiyo tulihamia fleti ya chini, vyumba viwili, karibu kabisa na tanuri la mikate. Mkewe akiita, mwanangu anafika kabla chai haijapoa. Nyumba kama hiyo hatukutaka kuipoteza.

Lakini nyumba ilikuwa na mwenyewe. Wapangaji walimwita Baba Ukuta. Kuta zile alizipaka rangi kwa mkono wake, na alizipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maziwa. Siku ya kutukabidhi ufunguo alisema:

"Msumari, hapana. Rangi, hapana. Waliotangulia walinitoboa ukuta ukawa chujio. Mwisho wa mwezi nakuja kutazama. Nikikuta mmeharibu, mtafute kwingine."

"Tumesikia, baba," mwanangu akajibu.

Kusikia alisikia. Kuelewa ndiko kulikochelewa.

Mkwe wangu akawa anashinda kitandani, anautazama ukuta mweupe. Jioni moja alisukuma sahani yake pembeni.

"Mama, hapa najiona niko kwenye chumba cha kumsubiri daktari. Kila saa nangoja kuitwa."

"Wakikuita usiitike," nikamwambia. "Watakuchoma sindano."

Alicheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. "Na mtoto nitamleta hapa hapa? Atadhani amefikia kwa watu."

Mwanangu alikuwa mlangoni. "Mke wangu, sisi ni wapangaji tu," akasema. "Tufanyeje?"

Hata hivyo maneno yale yalimkaa moyoni. Kesho yake alirudi na kitambaa kikubwa cha maua. Akateleka sufuria, akakoroga unga na maji mpaka ukawa ute mzito.

"Unapika nini?" nikamuuliza.

"Gundi, mama."

"Si umekatazwa?"

"Nimekatazwa msumari na rangi. Unga haukutajwa."

Ndivyo walivyo watu wa tanuri. Kwao hakuna shida duniani isiyotibika kwa unga. Akaupaka ule ute ukutani, akabandika kitambaa chake nyuma ya kitanda. Lo, kilipendeza! Mkewe akatabasamu.

Lakini unga ni unga. Nyuma ya kitambaa haukukauka, ukachacha. Chumba kikanuka kama hamira iliyosahauliwa. Kisha wakaja sisimizi, wamejipanga mstari, kama wateja wa mkate wa asubuhi. Mwanangu akakivuta kitambaa akitoe. Kikatoka, na rangi ya Baba Ukuta ikatoka nacho. Ukutani pakabaki kidonda, upana wake kama sinia.

Mkwe wangu akashika tumbo lake.

"Tutafukuzwa," akasema. "Nami niko hivi."

"Tusogeze kabati hapo," nikashauri. "Lina mwili wa kutosha."

"Hapana, mama," mwanangu akasema. "Mwenye nyumba naye ana mikono. Atalisogeza."

Nikaona akili zangu zimeisha, nikaenda kubisha mlango wa pili. Hapo anakaa jirani tunayemwita Mama Ukumbi. Kazi yake ni kupamba kumbi za sherehe. Alikuja, akanusa, akautazama ukuta.

"Nani ameoka ukuta?"

"Mimi, dada," mwanangu akasema.

"Na umeutoa mbichi!"

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Alipomaliza, akamgeukia mkwe wangu, na sauti yake ikawa ya taratibu.

"Mwanangu, mimi ukumbi naupamba asubuhi. Sherehe ikiisha, naurudisha kama nilivyoukuta. Nikiacha tundu, siitwi tena. Nami kila mara watu huingia wakasema, ah, pazuri! Kwa hiyo inawezekana. Haya, nyinyi hapa ni nani?"

"Wapangaji tu," mkwe wangu akajibu kwa unyonge.

"Hiyo 'tu' itoe. Kujenga alijenga yeye. Mpangaji kazi yake kupanga. Basi pangeni!"

Neno lile nimelisema maisha yangu yote, na sikuwahi kulisikia. Mkwe wangu naye aliinua kichwa. Akaketi wima, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Tuanze na kidonda," Mama Ukumbi akaendelea. "Futeni huo unga kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Kitambaa mkikamue vizuri. Fungueni dirisha, pakauke. Rangi msipake. Weupe una ndugu wengi, mtapaka ambao si wenyewe. Kisha mpigieni simu mwenye nyumba, mumwambie."

"Nimwambie?" mwanangu akaruka. "Si atanifukuza?"

"Huenda. Lakini ukimwambia, ana kosa moja la kukasirikia. Ukimficha, atakuta mawili. Na mweleze mnachotaka kufanya. Ombeni ruhusa kabla, si msamaha baadaye."

Mwanangu alipiga simu kwa jasho. Akaeleza yote, hata sisimizi. Baba Ukuta alimwacha amalize. Mwisho akasema:

"Hapo msipaguse. Nitakuja kupaona. Vitu visivyoacha alama, pangeni."

Akakata. Hatukujua kama atakuja na brashi au na kufuli.

Tukapanga hivyo hivyo, roho mkononi. Kwanza Mama Ukumbi alimwambia mwanangu apige picha kila chumba kwa simu, tujue kila kitu kilikuwa wapi. Pazia la mwenye nyumba tukalikunja, tukalihifadhi juu ya kabati. Kisha akatoa fimbo ya chuma.

"Hii inajibana yenyewe," akasema. "Ndani ina springi. Unaizungusha, inarefuka mpaka inashika kingo mbili za dirisha. Haitaki msumari. Lakini iwekeeni pazia jepesi. La kitambaa kizito litaivuta chini."

Halafu akaleta ngazi fupi ya mbao, kuukuu. Ncha za juu akazivisha soksi, zisikwaruze ukuta. Miguuni akafunga vipande vya ndala, isiteleze.

"Haijambo," nikasema. "Soksi kichwani, ndala miguuni. Imevaa kama marehemu mume wangu."

Tukaiegemeza ukutani, mbali na kitanda na mbali na taa. Kile kitambaa cha maua kilikuwa kimefuliwa. Tukakitundika kwenye vidato vyake.

"Mtoto akianza kutambaa, iondoeni," Mama Ukumbi akaonya. "Kitu kilichoegemezwa tu humwangukia anayekivuta. Na kulabu za kubandika mkizinunua, zijaribuni kwanza nyuma ya mlango, pasipoonekana. Zipo zinazotoka na rangi."

Aliyeamuru yote ni mkwe wangu, palepale kitandani, kwa kidole.

"Mkeka uje huku. Mume wangu, kushoto. Hapana, kushoto kwangu!"

Kisha akaomba kitanda chenyewe kigeuzwe. Aliinuka, akakaa kitini, tukakisukuma. Sasa akilala, anaona dirisha, na pazia likipumua kwa upepo. Kidonda cha ukuta tulikiacha wazi.

Jioni ile alikula akamaliza. Baadaye nilimsikia akimwambia mtoto tumboni, "Hapa ndipo utakapolala. Na huku ndiko jua linakotokea." Nikajifanya sisikii. Uziwi una faida zake.

Mwisho wa mwezi Baba Ukuta akaja, mikono nyuma. Mwanangu alisimama kama mshitakiwa. Mzee akapita kila ukuta, akipapasa. Akainua ncha ya ngazi, akachungulia ndani ya soksi.

"Msumari uko wapi?"

"Hakuna, baba," mkwe wangu akajibu.

Akafika kwenye kidonda. Akakitazama. Akakigusa kingo.

"Hapa pamekauka. Hamkupaka juu yake?"

"Ulisema tusipaguse," mwanangu akajibu.

Mkwe wangu alishika shuka kwa vidole vyote.

"Waliotangulia," mzee akasema, "walitundika kalenda juu ya tundu la kupita ngumi. Nikawa nawasifu kwa kujua tarehe." Akakohoa. "Rangi yenyewe ninayo, kopo halijaisha. Nitaileta. Lakini atakayepaka ni huyu mwokaji, nami nitasimama nyuma yake."

"Kwa hiyo tunakaa?" mkwe wangu akauliza.

"Mnataka kwenda wapi? Mtoto mleteni hapa hapa."

Mwanangu akaangua kicheko, mkewe akalia, nami nikaenda kuteleka chai, kwa kuwa ndiyo kazi pekee iliyobaki.

Niliporudi, mzee hajaondoka. Amesimama dirishani. Anaitazama ile fimbo. Anaigusa, anaiacha. Anainama, anachungulia mwisho wake mmoja, anaenda kuchungulia wa pili.

"Baba, kuna kosa hapo?" mkwe wangu akauliza.

"Hapana, hapana," akajibu haraka. "Naangalia kama dirisha linavuja. Haya mapambo yenu mimi hata siyaoni. Kwangu hatuna mambo hayo. Wala mke wangu hajui kama nimekuja huku."

Hajafunga mdomo, sauti ya mwanamke ikaita kutoka nje, chini ya dirisha lile lile:

"Baba weee! Umeshaipima hiyo fimbo? Na uwaulize inauzwa wapi, usije ukasahau kama juzi!"

Baba Ukuta alitutazama. Sisi tukamtazama mkono, na futi ya kupimia ilikuwa imeshatoka nusu mfukoni.