Risasi ya Thelathini na Moja

"Thelathini na moja!"

Sauti ilikuwa ya kike, na ilitoka benchi la nyuma katika banda la video la Ngassa, karibu na stendi ya Somanda. Ilikuwa Jumamosi mchana, wakati ambao Bariadi nzima huwa barabarani. Nje wauza vitunguu walikuwa wakigombana na waendesha bodaboda. Ndani watu walibanana gizani, macho kwenye runinga, wakimtazama jemedari mmoja wa sinema akiwa kifua wazi. Mkono mmoja ulikuwa ukimwaga risasi, na mwingine umemshika mrembo kiunoni.

"Thelathini na mbili! Thelathini na tatu! Jamani, hiyo bunduki inazaa?"

Banda likaangua kicheko. Luhende akasimamisha sinema na kuwasha taa. Yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alikaa pembeni ya runinga na maiki yake, akageuza Kizungu cha sinema kuwa Kiswahili na kutia chumvi kadiri alivyopenda. Siku hiyo alikuwa amevaa shati jekundu la maua na kofia ya pama, na alijiona amependeza.

"Nani huyo anayeniharibia kazi?"

"Mimi. Naitwa Minza." Msichana akasimama bila haya. Alikuwa na gauni la kitenge la njano lililomkaa sawasawa, raba nyeupe, na nywele zilizosukwa kwenda nyuma. Alikuwa ameingia kuchaji simu tu.

"Dada Minza, wewe unajua nini habari za bunduki?"

"Hiyo ni SMG. Magazini yake inabeba risasi thelathini. Kaka yako kashapiga thelathini na tatu, hajabadilisha. Tena kwa mkono mmoja! Na yule aliyempiga karuka nyuma utadhani kapigwa teke na punda. Mtu akipigwa risasi haruki. Anakaa chini, anashangaa."

"Umeona wapi?"

"Kazini," akajibu, akaketi.

Mwanamume mwingine angeona aibu, akamfukuza. Luhende alizima taa, akarudisha sinema, na mpaka mwisho hakuijua tena hadithi yenyewe. Alikuwa anasikiliza benchi la nyuma. Watu walipotoka, alimkuta mlangoni akichomoa chaja.

"Kumbe polisi?"

"Askari wa wanyamapori. Pori la akiba, huko chini."

"Basi nikamate, afande."

"Sikamati swala wadogo," Minza akasema, lakini namba ya simu akampa.

Niseme mapema kwamba wapo watakaodai mapenzi hayo hayakufaa. Mama yake Luhende alikuwa wa kwanza. "Mwanamke mwenye bunduki, bebe mwanangu! Siku akikasirika?" Majirani wa Minza nao walisema mpiga kelele wa banda la video si mwanamume wa kuolewa naye. Wote waliongea wakachoka. Wenyewe walikuwa wanapendana, na hawakuomba kibali cha mtu.

Minza akiwa porini, mtandao ulipatikana juu ya jabali moja tu. Kila jioni alipanda na buti zake, akakaa, akapiga.

"Haloo, jemedari wangu," Luhende angeitika.

"Usiniite jina la yule muongo wa kifua wazi. Umekula?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Sauti haishibishi, Luhende. Kula michembe."

"Haya. Niambie, lile bomba wanalofunga mdomoni mwa bunduki ili isilie. Kwenye sinema inatoa sauti kama panya anapiga chafya."

Minza alicheka mpaka wenzake kambini wakageuka. "Uongo mtupu! Hata na bomba lake, jirani anaamka. Na bila bomba, ukipigia ndani ya nyumba, masikio yanalia wee, huwezi kusikia hata jina lako. Ila yule wenu akimaliza kupiga anaanza kunong'ona na mchumba!"

"Mimi mtu akininong'oneza naweza kusikia."

"Nong'ona basi."

"Nakutogilwe," akanong'ona kwa Kisukuma, yaani nakupenda.

"Rudia," Minza akasema. "Mtandao unakatakata." Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Siku moja ya mapumziko walikula ugali na sato kwa mama lishe nyuma ya soko. Luhende alikuwa anamchambulia miiba. Akauliza, kwa utani tu, kama sinema imewahi kusema kweli hata mara moja juu ya mtu kupigwa risasi. Minza akaacha kula. Akamwambia habari za Mayunga, mwenzake wa doria, kijana wa Mwamapalala mwenye mdomo mwingi na roho nyeupe.

"Majangili walipiga mara moja tu, wakakimbia. Mayunga hakuruka, hakupiga kelele. Alikaa chini kama mtu aliyechoka. Nikambana jeraha kwa mikono yangu hii. Jua lilikuwa utosini, Luhende, mchana mweupe. Akanitazama, akauliza, 'Mbona mmezima taa?'"

Luhende alimshika mkono.

"Ndiyo lilikuwa neno lake la mwisho. Nikamwambia, nakuja kuwasha. Sijamwambia mtu mwingine. Nimekuambia wewe."

Sasa ili umwelewe Luhende, lazima umjue babu yake. Mzee huyo alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa ngoma, aliyejaza uwanja kwa sauti yake peke yake. Ningi akitupa neno, watu hulipokea. Asipojibiwa, ameshindwa. Luhende alirithi hilo na kulipeleka kwenye banda la video. Mtu akifa kwenye sinema, alitamka, "Kawasalimie!" na banda zima likajibu, "Waliotangulia!" Watu walikuwa wanalipa kiingilio kwa ajili ya kuitikia tu.

Maneno ya Mayunga yalimkaa kooni. Akaanza kuona haya na ile "Kawasalimie" yake. Akawaza kwamba siku moja, badala ya mzaha, awape watu kifo cha kweli wanyamaze. Nia yake ilikuwa njema, na mimi simfichi: ilikuwa nia njema ya kijinga.

Jumamosi moja Minza alipata ruhusa ghafla. Hakupiga simu, alitaka kumshtua mpenzi wake. Alipitia saluni ya shoga yake Goodness, akapakwa mafuta ya nywele, akavaa gauni lile lile la njano, akaingia bandani na kukaa nyuma. Kwenye runinga askari mmoja alipigwa risasi. Luhende akaishusha sauti, akasema polepole kwenye maiki:

"Mbona mmezima taa?"

Akanyamaza, akisubiri wao nao wanyamaze. Lakini Luhende ndiye aliyewafundisha kwamba yeye akitua, wao wanaitikia. Kijana mmoja akadakia gizani, "Hujalipa umeme!"

Banda likapasuka kwa kicheko. Watu walipigana mabega, wengine wakarudia, "Hujalipa umeme!" Minza alisimama. Mlango ulipofunguka mwanga ukaingia, na Luhende akaliona gauni la njano likitoka.

Alipiga simu mara nyingi. Jioni ikapokewa.

"Minza, nisikilize, mpenzi."

"Nakusikiliza. Si ndiyo kazi yako, kusikilizwa?"

"Nilitaka wanyamaze. Nilitaka waone kifo kilivyo, kama ulivyonieleza."

"Nilikuambia wewe, Luhende. Sikuliambia banda."

"Sikujua watacheka."

"Wewe ndiye uliyewafundisha kucheka! Mtu akifa kwenye runinga, wanacheka. Kila Jumamosi. Ulidhani Mayunga wangemheshimu kwa sababu gani?" Sauti yake ikakatika, kisha ikarudi. "Nilikuwa nimechoka kulibeba peke yangu. Nikakupa unishikie. Ukalitupa barabarani."

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo." Simu ikakatwa, na namba ya Luhende ikafungiwa.

Barabarani kweli. Ndani ya wiki hiyo neno lile lilizunguka Bariadi. Umeme ukikatika sokoni, mmoja alipaza, "Mbona mmezima taa?" na wenzake wakajibu. Bodaboda waliamkiana nalo. Ngassa, mwenye banda, ambaye alikuwa mjomba wake Luhende, alifurahi kupita kiasi.

"Mpwa wangu, una kipaji! Jumamosi liseme mara mbili, mara tatu. Watu wanakuja kwa ajili ya hilo."

"Mjomba, lile neno si langu."

"La nani?"

"La marehemu."

"Basi hatalidai," Ngassa akacheka.

Luhende hakulala vizuri wiki hiyo, na alistahili. Alijua banda ndilo chakula chake, na chumba alicholala kilikuwa nyuma ya banda hilo hilo. Alijua pia kwamba kumwomba Minza radhi kwenye simu, hata kama namba ingefunguliwa, kungekuwa rahisi mno. Neno lilipotelea mbele za watu. Kama lingerudi, lingerudi mbele za watu.

Jumamosi watu walijaa mpaka mlangoni. Luhende aliingia na shati jeupe, bila kofia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kushusha turubai lililoziba madirisha. Kisha akafungua mlango ukagonga ukuta. Mchana ukaingia na vumbi lake, picha kwenye runinga ikafifia, watu wakazomea.

"Funga mlango! Hatuoni!"

"Mtaona mtakachoona," Luhende akasema kwenye maiki. "Nina jambo. Wiki iliyopita nilisema neno humu, sasa mnalisema mji mzima. Lile neno nililiiba. Aliyelisema alikuwa kijana wa Simiyu hii hii, ana mama, na alilisema akifa kweli, juani, akiulinda uhai wa wanyama ambao ninyi na mimi tunajivunia. Hakurushwa nyuma. Hakukuwa na muziki. Nilipewa nilitunze, nikalifanya mzaha. Mwizi ni mimi. Lakini kuanzia leo, humu ndani halisemwi. Na mtu akifa kwenye sinema, sisemi 'Kawasalimie' tena. Nitanyamaza. Nanyi mtanyamaza."

Baadhi walisimama wakaondoka. Ngassa alipenya katikati ya mabenchi, jasho likimtoka.

"Leta maiki. Watu wamelipa burudani, wewe unawaletea msiba! Sema neno lile, au toka na mizigo yako."

"Mjomba, banda ni lako, sibishi. Mdomo ni wangu."

"Hujalipa umeme!" akachokoza kijana mmoja, na wawili watatu wakacheka.

Luhende akasimamisha sinema. "Rudia, tukae hivi hivi mpaka magharibi. Mimi sina haraka, na mlango uko wazi."

Hakuna aliyerudia. Na ni kweli mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo watu wote walimwona aliyesimama pale. Minza alikuwa na sare zake za kijani na buti zenye vumbi la porini. Mkononi alishika lile shati jekundu la maua, ambalo Luhende aliwahi kumwazima siku ya mvua. Alikuwa amekuja kulirudisha, akabidhi mtu yeyote, aondoke. Sasa machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Afande," Ngassa akaanza kwa unyenyekevu wa ghafla, "huyu kijana anaharibu burudani."

"Mwadila, baba," Minza akamwamkia kwa heshima, kisha akapita katikati, akakaa benchi la mbele. "Burudani ipo. Luhende, weka sinema. Mimi nahesabu."

Jemedari wa kifua wazi akatokea tena, hafifu kwenye mwanga wa mchana, na bunduki yake ile ile. Akaanza kupiga. Minza akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Benchi la mbele likaungana naye. Kufika kumi, banda zima lilikuwa linahesabu, na waliotoka wakarudi kuchungulia madirishani.

"Ishirini na tisa! Thelathini!"

"Zimeisha!" Minza akapaza.

Jemedari hakujua. Aliendelea kumwaga risasi, na Bariadi ikamshukia. "Zimeisha! Muongo! Weka chini! Bega halijang'oka?" Mama mmoja muuza karanga alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Ngassa alijikuta anacheka, halafu akakumbuka kukasirika.

Kisha kwenye runinga kijana mmoja wa upande wa pili akapigwa, akaanguka. Luhende akashusha maiki, akanyamaza. Kwa muda wa kuvuta pumzi watu walihangaika, midomo ikitafuta kuitikia. Hakuna aliyeitika. Zilisikika kelele za wauza vitunguu nje tu. Mzee mmoja akavua kofia.

Minza aliinamisha kichwa, kisha akakiinua.

"Njoo hapa," akamwambia Luhende.

Luhende akaja, maiki bado mkononi. "Minza, mbele ya watu hawa wote, nataka kukuuliza..."

"Zima hiyo kwanza."

Akazima. Akainama, akamnong'oneza sikioni. Banda zima likanyoosha shingo.

"Kasemaje?" wa nyuma wakauliza. "Oya, mtafsiri! Tutafsirie!"

Minza akamvisha lile shati jekundu mabegani, juu ya jeupe.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka stendi.

Watu walipiga vigelegele, wakapiga mabenchi, wakazidi kuuliza. Ngassa alidai aambiwe kwa kuwa banda ni lake. Hawakumwambia. Wewe nawe usome hapa mara mia, hutalipata neno lenyewe kwangu. Nalijua, na sitaliandika. Alimwambia Minza. Hakuliambia banda.