Silinda ya Nne

Siku ya soko la mbuzi, Kitengela haina adabu. Kila mtu anataka kupita kwanza, na mbuzi nao wana maoni yao. Ni katika vurugu hiyo, mwaka 2004, kiangazi kikiwa kimekaza, lori la nyasi la Nashipae lilipofika mbele ya vibanda vya nyama choma likitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Likafuka moshi mweupe ukawafunika wauzaji, wanunuzi na nyama yenyewe.

"Wewe, unataka kutupikia na dizeli?" mwenye kibanda alifoka.

Nashipae aliegesha kando bila kuzima injini, akaruka chini. Alivaa gauni la rangi ya machungwa, shuka jekundu begani, herini ndefu za shanga, na miguuni gambuti za kiume. Lori lilikuwa la marehemu baba yake. Mita yake ya kilomita ilikuwa imeshazunguka ikarudi mwanzo, na hakuna aliyejua ni mara ngapi. Lori hilo ndilo lililomlisha yeye na mama yake kule Isinya, na siku litakapokataa kabisa ndiyo siku aliyokuwa akiiogopa.

Kwenye benchi la kibanda akainuka mwanamume mrefu mwenye ovaroli iliyopauka kwa kufuliwa. Mkononi bado alikuwa na mfupa.

"Sopa, mama," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Nani amekuambia mimi ni mama?"

"Pole basi. Sopa, msichana. Hii lori yako inamisi. Kuna silinda imekataa kazi."

"Hiyo hata mbuzi wanajua. Niambie ni gani."

Mwanamume alicheka, akauweka mfupa chini kwa heshima zote, akanawa mikono. Aliitwa Musila, na gereji yake ilikuwa nyuma tu ya soko. Alifunua boneti, akachukua spana, akalegeza nati ya bomba la kwanza linalopeleka dizeli kwenye injini. Sauti ikashuka, lori likazidi kutetemeka.

"Huyu anafanya kazi," alisema. "Ukimnyima chakula, unasikia analia."

Akaikaza, akalegeza ya pili, kisha ya tatu. Kila mara injini ililalamika. Alipolegeza ya nne, dizeli ikachuruzika lakini sauti haikubadilika hata kidogo.

"Mvivu ndiye huyu. Hata ukimnyima, hana habari."

"Na dawa yake?"

"Inategemea. Kama ni valvu, tutafungua injini yote. Kama ni nozeli tu, ile inapuliza dizeli ndani, hiyo ni kazi ndogo."

Nashipae akapiga hesabu ya haraka. Injini ikifunguliwa wakati ule wa ukame, wafugaji wa Kiserian na Embulbul wangetafuta nyasi kwa mtu mwingine, na wasingerudi.

Lori likapelekwa hadi gereji. Musila alitoa nozeli ya silinda ya nne na ya tano, ili kila moja aifunge mahali pa mwenzake. Alipoziinua kwenye mwanga, akaduwaa. Kila moja ilikuwa na alama nyekundu kichwani.

"Hii ni nini?"

"Rangi ya kucha. Kuna fundi alinitolea stata nzuri akaniwekea ya zamani. Sasa kila kitu kwa hii lori kimepakwa. Ukibadilisha, nitajua."

"Kwa hivyo injini yako imejipamba kukushinda wewe?"

"Fanya kazi, Mkamba."

Musila alizifunga, akawasha. Safari hii, alipolegeza ya nne, injini ililia. Alipolegeza ya tano, sauti haikubadilika. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na nozeli. Nashipae alishusha pumzi, akajikuta amemshika yule mtu mkono wenye grisi. Hakuuachia upesi, na Musila hakulalamika.

Nozeli ilisafishwa, ikarudishwa mahali pake, lori likapona. Lakini Musila alianza kuona magonjwa ambayo hayapo.

"Hello, Nashipae? Nilikuwa nauliza, hiyo breki inashika?"

"Breki iko sawa. Na jana uliuliza."

"Na wewe?"

"Mimi niko na shida. Kuna mtu ananipigia simu kila saa ya lanchi, chakula kinapoa."

"Basi kuja mkule pamoja huyo mtu na wewe."

Wakala pamoja siku hiyo, na nyingine nyingi. Musila alimwonyesha mzoga wa lori dogo uliokuwa nyuma ya gereji, ambao alikuwa akiufufua polepole, kipande kwa kipande, ili siku moja awe na gari lake mwenyewe. Nashipae alimpenda. Hakujidanganya kuhusu hilo. Hata alipokuwa akipakia nyasi, na vumbi limejaa machoni, alikuwa akitabasamu peke yake, na vibarua wakamwona amerukwa na akili.

Kisha nozeli ile ikaanza tena, jioni moja kabla ya mzigo mkubwa wa Kiserian.

"Wacha lori hapa, mpenzi," Musila alimwambia. "Asubuhi itatembea."

Nashipae alikwenda kulala kwa mama yake Isinya, kwenye boma ambako simu ilishika mtandao ukisimama juu ya kichuguu tu, na usiku ule hakusimama.

Asubuhi alilikuta lori limeegeshwa langoni pa gereji. Musila hakuwapo. Ufunguo alikuwa nao Wanyoike, fundi jirani. Nashipae aliwasha, injini ikaunguruma vizuri, naye karibu aimbe. Kwa mazoea tu, akafunua boneti.

Nozeli ya nne haikuwa na alama.

Aliiangalia mara ya pili, akaifuta kwa kidole. Chuma kitupu. Damu ikampanda kichwani. Akapiga simu palepale, mbele ya mafundi na wateja.

"Musila, nozeli yangu iko wapi?"

"Iko huku Nairobi. Nilijaribu kukupigia, hukuwa unapatikana. Nime..."

"Nairobi inafanya nini? Umeiuza?"

"Nashipae, ngoja nikuje nikueleze."

"Usikuje. Wote mko sawa. Unanishika mkono, unanilisha nyama, kumbe unahesabu vipuri. Wewe ni mwizi."

Alilitamka neno hilo kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Mwenye kibanda cha nyama alilisikia. Mama wa chai alilisikia. Na fundi akishaitwa mwizi, ni nani atamwachia gari lake?

Nashipae aliondoka na lori. Simu ya Musila ililia jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Hakuipokea. Baadaye ikaacha kulia, na hapo ndipo alipoanza kuitazama.

Lori lilitembea vizuri ajabu. Lilipanda mlima wa Kiserian na mzigo kamili bila kukohoa. Hilo lilimsumbua, kwa sababu mwizi hakuachii kitu kizuri kuliko alichochukua. Mwezi haukuisha kabla hajalipeleka kwa Wanyoike, akijifanya anataka kubadilisha oili.

Wanyoike aliinama juu ya injini, akagusa nozeli ya nne.

"Hii bado uko nayo? Hii ni ya Musila. Alitoa kwa ile lori yake."

"Lori gani?"

Wanyoike alimpeleka nyuma ya gereji ya Musila, ambayo sasa ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mzoga wa lori dogo ulikuwa bado pale, na kwenye injini yake, mahali pa nozeli moja, palikuwa na tundu lililozibwa kwa kitambaa.

"Yako ilikuwa imekufa," Wanyoike alisema. "Aliipeleka kwa watu wa pampu za dizeli Nairobi, waangalie kama inatengenezeka. Akakuwekea yake ndio usikose Kiserian."

"Na mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliuliza? Wewe ulikuwa unasema tu."

Nashipae aliketi juu ya tairi. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Alikuwa ameipaka rangi injini nzima ili asiibiwe, na alipoona kitu bila alama yake hakufikiri kwamba mtu anaweza kukuongezea badala ya kukupunguzia.

"Ako wapi?"

"Alienda Kajiado. Hapa nani angempatia kazi?"

"Fungua hiyo nozeli," Nashipae alisema. "Utoe."

"Lori yako haitatembea."

"Toa."

Alifika Kajiado kwa kuomba nafasi kwenye gari la mawe, nozeli imefungwa ndani ya shuka. Mafundi wengi walikuwa kazini karibu na stendi, na chini ya lori la mchanga aliona miguu mirefu anayoijua. Angeweza kuinama aseme polepole. Hakuinama. Alisimama wima, akatumia sauti ileile.

"Wazee, mafundi, nisikizeni. Mimi ndiye nilimwita huyu mtu mwizi huko Kitengela. Nilikosea. Alitoa kitu chake akanipatia, nikamlipa na matusi. Huyu si mwizi. Na huko Kitengela nitasimama niseme hivyo hivyo, siku ya soko."

Nyundo zilinyamaza. Musila akatoka chini ya lori taratibu, amekonda kidogo, uso umejaa vumbi. Nashipae akamnyooshea nozeli.

"Na lori yako?" aliuliza Musila.

"Imelala."

"Na nyasi ya watu?"

"Pia imelala. Musila, nisamehe. Kuja uniangalilie lori, na uniangalie na mimi."

Musila aliipokea nozeli, akaigeuzageuza mkononi. "Rudisha hii kwa lori yako, Wanyoike atakufungia. Lakini mimi siwezi kuwa fundi wako tena. Tafuta mwingine."

Nashipae alirudi nyuma hatua moja. "Bado umekasirika."

"Nilikasirika. Nilikasirika sana. Hiyo imeisha." Alifuta mikono kwenye ovaroli. "Nikiwa fundi wako, kila nikikuja kwenu watu watasema nimefuata lori. Mimi nataka nikuje Isinya na wazee wangu, na mama yako ajue ni wewe nimefuata. Kama utakubali."

Nashipae aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, machozi yakimteremka hadharani, na fundi mmoja akapiga nyundo kwenye chuma kwa furaha. Kisha Nashipae akatoa simu na kumpigia mama yake. Bahati njema, mama alikuwa juu ya kichuguu.

"Yeyo, kuna mtu anataka kuja nyumbani na wazee."

"Nani? Ni yule fundi uliita mwizi?"

Nashipae alimtazama Musila. "Ni yeye."

"Na baada ya hayo yote bado anakutaka?"

"Bado ananitaka, Yeyo."

"Basi mwambie akuje haraka," mama akasema, "kabla hujamwita jina ingine."