Vichupa Vilivyoyeyuka

Kila siku nikitoka shule, nilimsubiri mama kwenye maabara anakofanya usafi. Nilikaa kwenye stuli karibu na mlango, nikafanya hesabu zangu. Wataalamu wa pale walichunguza protini ambayo chembe za mwili huitoa ili zipelekeane habari. Kuipima, walitumia vitendanishi, yaani dawa za maabara, vilivyotunzwa kwenye friza ndani ya vichupa vidogo. Vikiyeyuka na kugandishwa tena huharibika, ingawa kwa macho huwezi kujua.

Jumatatu, fundi wa maabara tuliyemwita Dakika Moja, kwa jibu lake la kila siku, alitoa vichupa sita, akaviacha mezani, akaenda kunywa chai. Aliporudi vilikuwa vimeyeyuka vyote. Akavirudisha kwenye friza harakaharaka, kisha akanipa pakiti ya biskuti.

"Hujaona kitu, sawa mwanangu?"

Nikala biskuti, nikanyamaza.

Ijumaa vipimo vyote vilitoka ovyo. Mkuu wa maabara, mwanamke asiyependa mzaha, akataka kujua sababu. Dakika Moja, bila haya, akamnyooshea mama kidole.

"Huyu huchomoa waya wa friza akipiga deki!"

"Mimi? Sijawahi kuugusa!" mama alisema.

"Kama ni kweli, mama, kazi hapa basi," mkuu alisema.

Damu ilinichemka. Mama yangu, anayepiga magoti kufuta hadi chini ya friza, asingiziwe mchana kweupe!

"Muongo!" nilipayuka. "Uliviacha mezani Jumatatu! Ukanipa biskuti ninyamaze!"

"Mtoto hana adabu huyu. Anamtetea mama yake tu," Dakika Moja alidakia.

Mkuu alichukua karatasi ambayo juu yake kipimajoto cha friza huchora mstari wa joto usiku na mchana.

"Friza haikupata joto wiki nzima. Nieleze, vichupa viliyeyukia wapi?"

Dakika Moja akainamisha kichwa. "Nilisahau, mkuu. Nikaogopa."

"Kusahau ningekusamehe. Kumtwisha mwenzako kosa lako, hapana. Kuanzia leo hugusi friza." Kisha akamwomba mama radhi mbele ya wote.

Njiani nilikuwa bado nafoka, nikimsema Dakika Moja mpaka mate yakanikauka. Mama akasimama.

"Yeye alidanganya, wewe ulinyamaza. Siku nne mmenipita pale mkijua, na nusura nikose kazi. Ukiona kosa, mwanangu, liseme siku hiyohiyo, kabla halijamwangukia asiyehusika."

Nikaacha kumsema Dakika Moja, nikamwomba mama radhi.