Bunju wa Kasigau

Mfereji wa kijiji chetu, Rukanga, ulikuwa na siku ya tatu bila maji. Jua likizama nilimchukua Shanice, binti yangu wa miaka saba, tukapanda hadi tangi la chemchemi, chini ya msitu wa mlima Kasigau. Nilikuwa nimechoka. Jagi la kuchotea nilisahau. Nilikuwa na sufuria ya ugali tu, nyeusi kwa masizi.

"Mama, nyanya alisema sufuria ya masizi haiingizwi kwa maji ya mlima."

"Nyanya ndiye atapika leo?"

Nikaizamisha.

Sufuria ikawa nzito... Nilipoinua, ndani kulikuwa na samaki. Tangu nizaliwe, chemchemi ile ina vyura na kaa tu. Huyu hakuwa na magamba. Alijivimbisha kama mpira, akanionyesha meno. Meno mapana, kama ya mtu. Harufu ya mwani ikanijaa puani.

Mzee Nzau, mlinzi wa tangi, alikuja na tochi. Aliwahi kufanya kazi na wavuvi Mombasa miaka mingi. Alimmulika samaki, akarudi nyuma.

"Bunju," alinong'ona. "Wa bahari huyu. Ana sumu. Amefikaje huku?"

"Unaniuliza mimi? Kuna mtu amemtupa."

"Akiwa hai?" Alichovya kidole tangini, akalamba. Akatema. "Chumvi."

Niligeuka kumwambia Shanice asiguse maji.

Shanice hakuwepo.

Viatu vyake vilikuwa ukingoni, vimepangwa vizuri.

Niliita. Niliingiza mkono mpaka begani. Maji baridi... na chini hapakuwa na sakafu. Tangi lile kina chake ni kiunoni. Mwezi uliopita nililisugua mwenyewe.

"Mama Shanice, mrudishe samaki," Nzau alisema. "Mmoja ametoka, mmoja ameingia. Mrudishe!"

Mimi siamini mambo hayo. Lakini niliimwaga sufuria tangini.

Bunju akazama. Kimya.

Kisha mkono mdogo ukanishika kutoka chini.

Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Shanice alitoka akikohoa, nywele zimejaa mchanga mweupe. Mchanga wetu ni mwekundu.

"Umechelewa sana, mama," alisema. "Nimelala huko mara mbili."

Asubuhi alikunywa uji, akaenda shule. Nilikuwa nafua Nzau aliponipigia simu.

"Niko Makwasinyi, ng'ambo ya mlima. Jana jioni hapa pia wametoa bunju kwa tangi lao."

"Wamemrudisha?"

"Wamempika. Watu wazima watatu wamekimbizwa hospitali Voi, midomo imekufa ganzi. Daktari anasema ni sumu ya samaki, watapona."

Sabuni ilikuwa inanikaukia mikononi.

"Mzee Nzau. Wamehesabu watoto?"

Nyuma yake nilisikia mwanamke akiita jina. Akaita tena. Alikuwa bado anaita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.