Kwa Nini Zahoro Hakucheza

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sitara alikuwa na kazi zake: kuteka maji bombani, kufagia baraza, na kumwoshea mama yake kunde za kutengenezea bagia. Walikaa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji wengi na ua mmoja. Baba yake alikuwa baharia, na mara nyingi alikuwa safarini. Mama yake, Bi Kuruthumu, alikaanga bagia mlangoni, na siku za mechi aliwaongoza akina mama walioishangilia timu ya Upepo kwa nyimbo na vigelegele. Kaka yake Sitara, Zahoro, ndiye aliyekuwa sentafowadi wa timu hiyo. Mazungumzo ya nyumba ile yalianza na Upepo na kuishia na Upepo.

Jumatano moja ya masika, mwaka 1956, Sitara alikuwa bado ana ufagio mkononi pale Bwana Melkiori aliposimamisha baiskeli yake mbele ya baraza. Bwana Melkiori alikuwa meneja wa Upepo. Alifanya kazi ya ukarani bandarini, na alikuwa amehamia Dar es Salaam kutoka Kilimanjaro miaka kumi iliyopita. Binti yake, Celina, alisoma darasa moja na Sitara.

"Shikamoo, Baba Celina."

"Marahaba, mwanangu. Zahoro yupo?"

"Ametoka alfajiri. Amekwenda Feri kununua samaki wa kuuza sokoni."

"Basi nisikilize vizuri. Jangwani kumejaa maji, hakuchezeki. Mazoezi ya kesho tumeyaleta leo, saa kumi jioni, kiwanja cha Ilala. Mwambie kaka yako mara tu akirudi. Unaijua sheria yangu: asiyekuja mazoezini, Jumamosi hachezi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nakutegemea wewe," alisema Bwana Melkiori, akapanda baiskeli na kwenda zake kazini.

Mchana, Sitara alipotoka shule, alikuwa bado anaukumbuka ujumbe ule. Lakini kona ya mtaa alimkuta rafiki yake Waridi na wasichana wengine wanagawana timu za rede, na walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja. Sitara alikuwa hodari wa kukwepa mpira. Alitupa daftari zake chini, akaingia kati. Wakati huo Zahoro alikuwa ameshafika nyumbani, nyumba ya tatu kutoka pale, anakula wali wake.

Walicheza mpaka vivuli vikawa virefu. Mpira wa matambara ulipomgonga Sitara mgongoni, akasimama ghafla kama aliyemwagiwa maji. Zahoro! Alikimbia nyumbani. Alimkuta kaka yake amelala chali kwenye mkeka, anakoroma. Saa ya mpangaji wa chumba cha mbele ilionyesha saa kumi na moja na nusu.

Mazoezi yalikuwa karibu kwisha. Hata hivyo, bado angeweza kumwamsha na kumwambia. Aliinama, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Zahoro alikuwa na hasira za haraka. "Ni siku moja tu," Sitara alijiambia. "Hawawezi kumwacha Zahoro kwa siku moja."

Kesho yake Zahoro alikwenda Jangwani kama kawaida ya kila Alhamisi. Alirudi ana tope hadi magotini. "Hakuna mtu kule," alimwambia mama yake. "Maji matupu na vyura. Bila shaka mazoezi yameahirishwa." Sitara hakuinua macho yake kutoka kwenye sahani.

Ijumaa jioni alikutana na Bwana Melkiori dukani.

"Sitara, ile habari yangu ulimfikishia kaka yako?"

"Ndiyo," alijibu.

"Siku ile ile?"

"Ndiyo."

Bwana Melkiori alitazama chini kidogo, kama mtu aliyeumizwa. "Haya. Asante," alisema.

Jumamosi, uwanja ulijaa. Upepo walikuwa wakipambana na vijana wa Magomeni kugombea ngao. Majina yalisomwa, na jina la Zahoro halikuwamo. Zahoro hakuuliza neno. Alivua njumu zake, akazifunga pamoja kwa kamba, akazitupia begani na kuondoka huku watu wanamwita. Magomeni walifunga bao la kwanza kabla wengine hawajapata pa kukaa. Mwisho wa mchezo yalikuwa mabao manne kwa bila.

Tangu jioni ile Kariakoo nzima ilichemka. Jumapili, baraza la klabu lilijaa watu tangu asubuhi, na muuza kahawa aliuza mabirika matatu.

"Aondoke!" alisema Theophil, fundi baiskeli, akipiga goti lake kwa kiganja. "Mtu gani mwenye akili anamwacha Zahoro nje siku ya ngao?"

"Ameibadilisha siku ya mazoezi makusudi, kijana asijue," alidakia mwingine. "Watu wa bara hawa wanatuharibia timu."

Theophil alimgeukia. "Hapo hapo simama! Na mimi pia nimetoka huko huko Kilimanjaro, na nimeishangilia Upepo kabla yako. Melkiori aondoke kwa sababu tumefungwa manne. Kwetu usikutie hapo."

Watu walicheka, lakini uamuzi haukubadilika. Mkutano uliitishwa Jumatatu jioni ili meneja apigiwe kura.

Sitara alisikia yote. Jambo la ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyepaza sauti kuliko watoto wote wa mtaa. Kila aliposhikwa na hofu, alizidi kupiga kelele. "Melkiori aondoke!" aliimba bombani. "Melkiori aondoke!" aliimba hata Jumatatu kwenye uwanja wa shule, na wasichana wengine wakaitikia na kupiga makofi.

Celina alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi za darasa. Alisimama, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Sitara. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini hakurudi nyuma hata wasichana walipomzunguka.

"Imbeni mpaka sauti ziwakauke," alisema. "Baba yangu hasemi uongo. Kama hakumchezesha kaka yako, ana sababu."

"Sababu gani? Ametufungisha!"

"Sijui. Nimemuuliza, hataki kuniambia. Lakini hata mtaa wote ukimkataa, mimi simkatai."

Wasichana walizomea. Celina aliinua kidevu, akapita katikati yao polepole, bila kukimbia. Sitara alifungua mdomo azomee pia, akaufunga. Siku ile hakuimba tena.

Jioni, ua wa klabu ulijaa pomoni. Wanaume walikaa kwenye mabenchi na mikeka, akina mama walisimama upande wa lango, na watoto walipanda ukutani. Sitara alikuwa miongoni mwao. Bwana Melkiori alifika na nguo zake za kazi. Alipewa kiti, akakataa kukaa.

Mwenyekiti, Mzee Hamis, aliinua mkono kuomba utulivu. "Bwana Melkiori, wanachama wana uchungu. Wanataka kujua kwa nini ulimwacha Zahoro."

"Hakuja mazoezini," alijibu Bwana Melkiori. "Sheria ile niliiweka mbele yenu, hapa hapa, na mliipigia makofi. Tulipokuwa tunashinda iliitwa sheria nzuri. Leo tumefungwa, mnataka niivunje. Siivunji. Mkitaka meneja wa kumbembeleza mchezaji mmoja, mtafuteni. Mimi siye."

Kelele zililipuka. Zahoro aliruka kutoka kwenye benchi.

"Ulibadilisha siku! Mimi nimekwenda Jangwani Alhamisi nikakuta vyura! Mbona hukuniambia?"

"Nilikutumia habari Jumatano asubuhi."

"Kwa nani? Mtaje!"

Bwana Melkiori alimtazama Zahoro usoni kwa muda mrefu. Alikuwa akimwona kijana aliyekasirika kweli kweli, wala hakuonekana kuficha kitu. Ndipo macho yake yalipopanda taratibu hadi ukutani, yakakutana na macho ya Sitara. Akaelewa. Sitara aliliona hilo.

Lakini Bwana Melkiori aliyaondoa macho yake. "Nilimpa mtu ujumbe," alisema. "Sitamtaja mbele ya umati kama huu."

"Muongo!" walipiga kelele. "Hana mtu! Kura! Kura!"

"Pigeni," alisema Bwana Melkiori. "Simtaji."

Mzee Hamis alipumua kwa nguvu. "Wanaotaka meneja aondoke, wanyooshe mikono."

Mikono ilipanda kama mahindi shambani. Theophil alinyoosha wake. Zahoro alinyoosha wake. Bi Kuruthumu, pale langoni, naye alianza kuinua mkono wenye unga wa bagia.

Sitara aliruka kutoka ukutani. Alianguka kwa magoti, akainuka, akapenya katikati ya mabenchi.

"We mtoto, toka hapo!" alifoka mtu mmoja. "Huu ni mkutano wa watu wazima."

"Sitoki!" alisema Sitara. Alisimama mbele ya meza ya mwenyekiti na hakusogea. "Sitoki mpaka niseme. Mtu aliyepewa ujumbe ni mimi."

Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake.

"Baba Celina alinipa habari Jumatano asubuhi, nami nikaahidi. Nikaenda kucheza rede, nikasahau. Zahoro alikuwa amelala, nikaogopa kumwamsha. Na Ijumaa Baba Celina aliponiuliza, nilimwambia nimeshasema. Nilimdanganya. Yeye hakufanya kosa. Zahoro hakufanya kosa. Ni mimi."

Mkono wa Bi Kuruthumu ulishuka. Mingine ilianza kushuka mmoja mmoja, na wenye mikono hiyo walitazama pembeni.

Zahoro alimwendea dada yake kwa hatua kubwa. "Wewe? Siku zote hizi unaniangalia ninavyoungua, kumbe ni wewe? Na kuimba ukaimba!"

Sitara hakuficha uso. "Ndiyo. Nipige ukitaka."

"Hapigwi mtu hapa," alisema Bwana Melkiori, akijiweka katikati yao. "Zahoro, hasira yako naielewa. Lakini Jumamosi ungeniuliza swali moja tu kabla ya kuvua njumu, tungeujua ukweli pale pale."

"Nawe ungeniuliza!" Zahoro alijibu, bado anahema.

Bwana Melkiori alikubali. "Kweli. Nami ningekuuliza. Hilo ni langu." Kisha akawageukia watu wote. "Lakini sheria inabaki. Jumamosi ijayo asiyekuja mazoezini hachezi, hata awe nani."

"Ibaki!" alisema Mzee Hamis. "Na meneja abaki."

Safari hii kura haikuhesabiwa, kwa sababu hapakuwa na mkono ulioachwa chini. Hakuna aliyemwomba Bwana Melkiori radhi kwa maneno. Theophil alimpisha kwenye benchi, akamwagizia kahawa, halafu akamwambia, "Haya, Zahoro tumemaliza. Sasa nieleze kuhusu yule golikipa wako. Bao la tatu lile, alikuwa anatafuta nini kule kwenye kona?" Mabishano yakaanza upya, na meneja akayajibu yote, bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Kesho yake shuleni, Sitara alimfuata Celina kwenye ngazi za darasa mbele ya wasichana wale wale. "Nilikosa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ulisema kweli kuhusu baba yako."

Celina alimtazama. "Nilijua tangu mwanzo kwamba nasema kweli. Sijakusamehe bado." Kisha akasogea kidogo. "Lakini unaweza kukaa."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Zahoro alikaa siku nne bila kusema na dada yake. Siku ya nne, Sitara alimwendea mama yake aliyekuwa akigeuza bagia kwenye mafuta.

"Mama, nimeshasema kweli mbele ya watu wote. Mbona Zahoro bado amenuna?"

Bi Kuruthumu aliweka kijiko chini. "Ulisema kweli, mwanangu, na siku ile uliposimama ukasema 'sitoki', nilikuonea fahari. Lakini tazama ulivyofika pale. Jumatano ungemwamsha kaka yako, angekufoka dakika tano, yakaisha. Angekimbia kwa Bwana Melkiori akajieleza siku ile ile. Ukaogopa kufokewa na mtu mmoja, ukaishia kusimama mbele ya watu mia. Na katikati, mtu mwema alitukanwa, rafiki yako alizomewa, na kaka yako alikosa siku ya ngao. Hata mimi nilitaka kumfukuza asiye na kosa. Kusema kwako hakukuyafuta mabao manne. Ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo. Na ukishasema, usimdai mtu akuchekee papo hapo. Kununa ni haki ya aliyeumizwa. Subiri."

"Nitasubiri," alisema Sitara.

Akasubiri. Ijumaa mchana, Zahoro alirudi kutoka sokoni, akakaa kwenye mkeka kula. Alikuwa amebakiza samaki mmoja tu, changu mnene aliyekaangwa vizuri. Alimkata katikati, akasukuma nusu moja upande wa dada yake.

"Kesho tunacheza Ilala, saa kumi," alisema bila kumtazama. "Utakuja kushangilia, au utasahau?"